Uzito wa Pembea: Kabla Hujanunua Dawa ya Kupunguza Mwili

Mada iliyotolewa katika mikutano ya elimu kwa mlaji, Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani



Tulipoiandaa mada hii tulikusudia kuzungumzia lebo, usajili na tarehe za mwisho wa matumizi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku. Tulipofika Kibaha, swali la kwanza lilitupeleka kwingine. Mama mmoja alisimama akatueleza kwamba katika miaka minne amepungua mwili mara tatu: mara ya kwanza kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, mara ya pili baada ya daktari kumwonya juu ya shinikizo la damu, na mara ya tatu kwa chai aliyouziwa na kijana aliyepita kazini kwao. Mara zote tatu uzito ulirudi, na kila uliporudi ulikuja na nyongeza. Akatuuliza, "Mimi nina kasoro gani?" Tulipokuja Kisarawe tuliulizwa karibu neno hilohilo, safari hii na mzee wa makamo ambaye wenzake walimcheka kidogo, kisha wakanyamaza kusikiliza jibu. Basi tumeona tuanze hapo, na lebo zifuate.

Mama yule hana kasoro. Mwili wake ulifanya kile ambacho miili ya binadamu imefanya tangu zama za njaa. Wazee wa Pwani wanaijua miezi ile ambayo ghala limekwisha na mavuno mapya bado. Mwili uliokuwa ukimaliza akiba yake haraka katika miezi hiyo haukuufikia msimu uliofuata. Kwa hiyo chakula kinapopungua ghafla, mwili hubana matumizi na kuongeza hamu ya kula. Hauulizi kama njaa imeletwa na ukame au na mwenye mwili mwenyewe anayeitaka nguo ya harusi imkae.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita. Mapigo ya moyo yalipungua kasi, baridi ikawasumbua, na mawazo yao yakawa chakula usiku na mchana; wapo waliokesha wakisoma vitabu vya mapishi. Chakula kiliporudi, mafuta yalirudi mwilini kwa kasi kuliko misuli. Mwaka 2016 watafiti, pia wa Marekani, walichapisha matokeo ya washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizozipoteza, na miili yao ikiwa imepumzika ilitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Kalori 500 ni karibu sahani moja iliyojaa wali. Mtu wa namna hiyo akirudia kula kama jirani yake, atanenepa huku jirani akibaki alivyo. Hiyo ndiyo pembea tunayoizungumzia, na anayeipanda mara tatu hastahili kuitwa mlafi wala mvivu.

Sasa tutazame namna pembea hiyo inavyogeuzwa kuwa biashara. Katika wiki ya kwanza ya kujinyima, mwili hutumia sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli, ambayo huhifadhiwa pamoja na maji mengi. Sukari ikitumika, maji hayo hutoka, na mizani hushuka kilo mbili au tatu kabla mafuta hayajapungua kwa kiasi cha kuonekana. Muuzaji analijua hilo, na ndiyo maana ahadi zake ni za "siku saba" na "siku kumi". Nyingi ya chai zinazotangazwa kuwa za kukata tumbo zina sanamaki, majani ambayo bibi zetu waliyajua vyema kuwa ni dawa ya kulainisha choo. Sanamaki huharakisha utumbo mpana, ilhali sehemu kubwa ya chakula imekwisha kufyonzwa kabla ya kufika huko. Kinachotoka ni choo, maji na chumvi za mwili. Mafuta ya kiunoni hubaki palepale. Akiinywa kwa wiki nyingi, mtu anaweza kupoteza madini ambayo moyo unayategemea ili upige sawasawa.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoandikwa kwenye pakiti. Iko dawa iitwayo sibutramini, iliyokuwa ikitumika hospitalini kupunguza hamu ya kula. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu iliongeza uwezekano wa mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo, wadhibiti wa nchi mbalimbali wameikuta imefichwa ndani ya vidonge, kahawa na chai zinazouzwa kwa jina la "mitishamba asilia". Mwenye shinikizo la damu akinunua bidhaa ya namna hiyo kwa nia njema ya kumtii daktari wake, anajiongezea maradhi yaleyale anayoyakimbia. Bidhaa inayokukatisha hamu ya kula kwa siku nzima, ikakukausha kinywa na kuufanya moyo uende mbio, iache siku hiyohiyo, uende kituo cha afya na pakiti yake mkononi.

Kuhusu usajili, kumbukeni kwamba tangu mwaka 2019 dawa na vifaa tiba vimekuwa chini ya TMDA, na vyakula vilivyofungashwa pamoja na vipodozi vimehamia TBS. Dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji akidai bidhaa yake inatibu, mwulize imesajiliwa wapi kuwa dawa. Akigeuza maneno akasema ni chakula tu, mwulize kwa nini basi anakupangia dozi. Tumeona maswali hayo mawili yakimaliza mazungumzo mengi.

Si kwamba uzito uliozidi ni jambo la kupuuza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 uliwakuta wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene. Ule wa mwaka 2022 ulikuta kiwango kimepanda. Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa akiiongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili, alizungumza hadharani mara nyingi juu ya kupunguza wanga na sukari na juu ya kufunga, na mazungumzo yake yakafika hadi kwenye vibaraza vya kahawa. Tunafurahi kwamba yalifika. Tatizo huanza ushauri unapopita midomo kumi: kupunguza kunageuka kuacha kabisa, na mgonjwa wa kisukari anafunga kutwa huku akichoma insulini kwa kipimo kilekile cha jana. Sukari yake inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu asibadili ratiba ya mlo kabla ya kuzungumza na mtabibu wake, na asiache dawa kwa sababu amepungua kilo mbili.

Ni nini basi kinachodumu? Kila mpango unaoletewa, ujiulize: je, masika ijayo nitakuwa bado naishi hivi? Ikiwa jibu ni hapana, fedha zako zibaki mfukoni. Sisi tungeanza na soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linaona ni bora mtu mzima asizidi takriban vijiko sita kwa siku nzima, chai ya asubuhi ikiwemo. Kisha mafuta. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 120, na mpishi anayemimina kutoka kwenye kidumu hajui amemimina vijiko vingapi. Apime kwa kijiko, hata kwa mwezi mmoja tu, ataona. Kisarawe mna kisamvu, matembele na kunde mlangoni. Mboga hizo zijaze nusu ya sahani, ugali upungue bila kufukuzwa, na tui la nazi liwe jepesi siku za kawaida, zito siku ya wageni. Mzee wetu wa Kisarawe alitukumbusha kwamba zamani alikwenda shambani kwa miguu, na tangu bodaboda zije hatembei hata kwenda msikitini. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki, zinatosha kuanzia.

Kwa mwendo huu mizani itashuka polepole, pengine nusu kilo kwa wiki, na ziko wiki ambazo haitashuka kabisa. Siku ya pilau mtu atakula pilau. Kesho yake arudi kwenye sahani yake ya kawaida, asijiadhibu kwa kushinda na njaa, kwani adhabu hiyo ndiyo inayoisukuma pembea.

Mama wa Kibaha alituambia ataanza na sukari ya chai, vijiko vitatu viwe viwili, na hatajipima zaidi ya mara moja kwa wiki. Tulimpa pia kipimo kisichohitaji mizani: futi ya fundi cherehani kuzunguka kiuno, isizidi nusu ya urefu wa mtu. Mwenye urefu wa sentimita 160 alenge chini ya 80.

Futi hiyo ipo pale mezani, pamoja na mizani, na hakuna malipo. Wenye pakiti za chai au vidonge majumbani mwao wazilete, hata zilizokwisha, tuzisome pamoja.