Kuona Ndani ya Mashine Bila Kuifungua

 Natumaini mmekwisha kaa, kila mtu na daftari lake, na mwalimu wenu yu karibu na ubao. Someni ukurasa huu pole pole huku mkisikiliza. Na wewe usiyekuwa na redio, usisikitike. Maneno yote ya somo yamo humu.

Leo tutazungumza habari za michoro ya mashine inayochorwa kwa kompyuta. Tutaona jinsi mchoraji anavyoweza kukifanya kipande cha chuma kionekane kama kioo, na jinsi ya kuifanya kazi hiyo upesi bila kupoteza saa nzima. Labda utasema, "Mimi ni mkulima, au mchimbaji mdogo. Michoro ya kompyuta yanihusu nini?" Ngoja kidogo, utaona.

Kwanza tuandike maneno matatu ubaoni.

Umbo: jinsi kitu kilivyo, yaani urefu wake, upana wake na vipimo vyake vyote.

Sura: jinsi kitu kinavyoonekana kwa macho, kama vile rangi yake.

Angavu: kitu kinachopitisha mwanga, hata ukaona vilivyo nyuma yake, kama kioo cha dirisha au maji safi katika bilauri.

Sasa tuchukue mfano tunaoujua sote. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama hupeleka mawe yao kwenye karasha. Karasha ni pipa la chuma lenye gololi nzito ndani yake. Mota au injini huzungusha puli, puli huvuta mkanda, na mkanda hulizungusha pipa. Gololi huanguka juu ya mawe na kuyasaga mpaka yawe unga. Mkanda ule na puli zake hapana budi zifunikwe kwa kinga ya bati, maana mkanda ukishika nguo ya mtu hukamata na mkono wake.

Tuseme fundi ataka kutengeneza karasha mpya. Fundi mwenye busara haanzi kwa kukata chuma. Huanza kwa mchoro. Siku hizi mafundi wengi huchora kwa kompyuta, kipande kimoja kimoja: pipa, shafti, beringi, puli, kinga, bolti na nati. Kisha kompyuta huviunganisha vipande vyote, na mashine nzima huonekana kwenye skrini kabla hata bati moja halijanunuliwa.

Lakini hapo pana shida. Mashine ikikamilika, vya ndani havionekani. Kinga imeuficha mkanda, pipa limezificha gololi. Je, mkanda wagusa kinga? Shafti imekaa sawasawa katika beringi? Fundi ataka kujua. Basi huiamuru kompyuta, "Kinga hii iwe angavu." Kompyuta hutumia hesabu ya asilimia. Asilimia 0 maana yake kipande hakipitishi mwanga hata kidogo. Asilimia 100 maana yake kipande hakionekani kabisa. Asilimia 70 hivi, wakiona kama kivuli chepesi, na vya ndani waviona vizuri. (Programu nyingine huhesabu kinyume, kwa hiyo jaribu kwanza kwa kipande kimoja.)

Tufanye hesabu. Karasha letu lina vipande 120 vinavyoficha vya ndani, pamoja na bolti zake. Fundi abadili kimoja kimoja, na kila mara kompyuta yamchelewesha sekunde 5. Mara 120, ni sekunde 600, yaani dakika 10. Akitaka kuvirudisha kama vilivyokuwa, dakika 10 nyingine. Akifanya ukaguzi huo mara 3 kwa siku, saa nzima imekwisha. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha muda uliopotea.

Kwa nini kompyuta hukawia? Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza: kila badiliko linapofanyika, kompyuta huichora upya picha yote ya skrini. Ukibadili mara 120, nayo yachora mara 120.

Sababu ya pili: programu nyingine hudhani umebadili umbo, ndipo ikaanza kuhesabu vipimo vyote upya. Lakini wewe umebadili sura tu. Mlango ukipakwa rangi, seremala haitwi kuupima tena.

Sababu ya tatu: kitu angavu kina kazi kubwa kuliko kitu kizito. Ukuta wa nyumba ukiwa mbele yako, mchoraji achora ukuta tu, hana haja ya kuchora vilivyo nyuma yake. Lakini mbele yako pakiwa na chandarua, yampasa achore kitanda kilicho ndani, kisha achore chandarua juu yake, na kuchanganya rangi za vyote viwili. Vyandarua vikiwa kumi, kimoja nyuma ya kingine, hapana budi avipange kwanza, aanze na kile cha mbali mpaka kile cha karibu. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo.

Basi sasa tujifunze dawa yake. Ziko njia nne.

Njia ya kwanza: kusanya, kisha badili mara moja. Mkulima wa pamba hapeleki pamba yake kupimwa tumba moja moja. Huijaza katika gunia, na gunia hupimwa mara moja. Fundi naye avitie vipande vyake katika makundi, na kila kundi alipe jina: "kinga", "pipa", "bolti za pipa". Akitaka kubadili, achague kundi zima na kutoa amri moja. Jina ni jambo kubwa hapa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kundi lisilo na jina hutafutwa kila siku upya.

Lakini jihadhari. Bolti moja huweza kutumika katika michoro mingi. Ukiibadili katika faili lake la asili, itageuka kuwa angavu hata katika mchoro wa pampu ya maji ya mtu mwingine. Kwa hiyo badili sura ukiwa ndani ya mchoro wa mashine nzima, wala usiguse asili ya kipande.

Njia ya pili: weka akiba ya hali mbili. Programu nyingi za kuchorea huweza kukumbuka jinsi mashine ilivyoonekana. Tengeneza hali moja, uiite "kawaida", ambamo kila kitu chaonekana kama chuma. Tengeneza ya pili, uiite "ukaguzi", ambamo kinga na pipa ni angavu. Kazi hiyo waifanya siku moja tu. Baada ya hapo wahama kutoka hali moja kwenda nyingine kwa amri moja, na kurudi vile vile.

Njia ya tatu: iambie kompyuta ingoje. Mafundi wanaojua kuiandikia kompyuta maagizo huanza na agizo hili: "Usichore skrini kwanza." Kisha hubadili vipande vyote, ndipo huagiza, "Sasa chora." Hapo skrini yachorwa mara 1 badala ya mara 120. Kadhalika, programu inayopenda kuhesabu vipimo upya yaweza kuambiwa ingoje mpaka iamriwe. Ila usisahau kutoa lile agizo la mwisho, hata kama kazi imekatika katikati. Ukisahau, utakuwa unatazama picha ya zamani ukidhani ni ya sasa.

Njia ya nne: kisichohitajiwa kifiche kabisa. Usifanye kila kitu kuwa angavu. Ukitaka kuutazama mkanda, mota ya upande wa pili ya nini? Ifiche. Kilichofichwa hakichorwi, na kompyuta hupata nafasi. Au likate karasha katikati kwenye skrini, kama mtu anavyokata tikiti maji, uone ndani. Kipande kimoja angavu chatosha kuliko hamsini.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa ndipo penye hatari. Kitu kilichofanywa angavu kwenye skrini hakikuondoka katika mashine. Tuseme fundi ameifanya kinga ya mkanda iwe angavu kwa asilimia 100, akakagua, akafurahi, kisha akachapa mchoro na kuupeleka kwa mchomeleaji. Mchomeleaji atengeneza anachokiona. Kinga haionekani kwenye karatasi, basi haitengenezi. Karasha litafika machimboni likiwa na mkanda wazi, na wanaolitumia ni ninyi na watoto wenu. Kwa hiyo kabla ya kuchapa, mchoro urudishwe katika hali ya "kawaida". Na wewe unayenunua karasha, omba kuonyeshwa mchoro, uulize, "Kinga ya mkanda iko wapi?" Ni haki yako kuuliza, kwa kuwa mkono ni wako.

Jambo hili la kuona ndani halikuanza na kompyuta. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na nyakati hizo wachoraji wa migodi duniani walichora kwa mkono juu ya karatasi au kitambaa kinachopitisha mwanga. Kila ngazi ya mgodi ilikuwa na karatasi yake. Mtu alizipanga karatasi moja juu ya nyingine na kuona njia ya juu inapita wapi, na ya chini inapita wapi.

Siku hizi wapimaji na wahandisi wa migodi mikubwa huifanya kazi hiyo kwa kompyuta. Mgodi wa sasa wa Geita ulianza mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, unaochimbwa chini ya ardhi katika Mkoa wa Shinyanga, ulianza mwaka 2001. Katika michoro ya migodi ya namna hiyo mwamba hufanywa angavu, ili mshipa wa dhahabu na njia za wachimbaji zionekane kama mizizi ndani ya maji. Zile njia nne tulizojifunza zafaa huko pia, maana mlima una vipande vingi kuliko karasha.

Lakini kompyuta huonyesha kile tu kilichopimwa na kuandikwa. Mwezi wa Novemba mwaka 2015, wachimbaji wadogo 5 waliokolewa wakiwa hai huko Nyangalata, wilayani Kahama, baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Tukiwafikiria ndugu zetu hao, tujue kwamba hakuna kompyuta iwezayo kuufanya udongo wa kweli uwe kioo. Duara ambalo halikupimwa halimo katika mchoro wowote, na waokoaji hulitafuta kwa kubahatisha. Basi ninyi mnaochimba, anzeni leo kwa kamba na daftari. Andikeni kina cha duara, njia inaelekea upande gani, hatua ngapi, na matimba yamewekwa wapi. Daftari hilo likae juu, kwa mtu asiyeshuka.

Zoezi la kufanya pamoja darasani:

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya umbo na sura. Toa mfano wa jembe.

2. Mchoro una vipande 90. Kila badiliko lachukua sekunde 4. Fundi akibadili kimoja kimoja, atatumia dakika ngapi? Akivitia vyote katika kundi moja na kubadili mara moja kwa sekunde 4, ataokoa sekunde ngapi?

3. Kwa nini mchoro urudishwe katika hali ya "kawaida" kabla ya kuchapwa?

4. Kila mwenye duara au kisima nyumbani aandike kina chake, na jina la mtu atakayelitunza daftari.

Majibu ya hesabu mtayasikia katika kipindi kijacho. Mwalimu, tafadhali kusanya madaftari. Kwaherini.