Tupige Chapa kwa Mikono Yetu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, wake kwa waume, pamoja na vijana wasio na kazi.)



Tumesimama mbele yenu kuzungumza juu ya kazi ambayo wengi wetu twaivaa mwilini lakini hatuifanyi. Kazi yenyewe ni kupiga chapa kwa kibao cha mkono, juu ya nguo na juu ya karatasi. Twaiita kazi, wala si mchezo, kwa sababu ziko nchi ambazo watu wanapata riziki yao kwayo. Huko Bara Hindi, katika Bagru na Sanganer karibu na mji wa Jaipur, na huko Kutch walikotoka wafanya biashara wengi waliohamia Unguja, mafundi hupiga chapa nguo kwa vibao vya mti mpaka hivi leo.

Wala sisi watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 akina mama walinunua leso, wakazikata tatu tatu, wakazishona pamoja zikawa vazi moja la leso sita. Vibao vilivyochongwa navyo vilitumika Unguja kupiga chapa vitambaa vyeupe. Sheria ya kufuta utumwa ilipotoka Unguja mwaka 1897, watu wengi waliokuwa wakivaa kaniki na merikani ya kitumwa waliziacha wakavaa kanga, ili kila apitaye njiani ajue kwamba hawa si watumwa wa mtu. Basi, ndugu zetu, chapa juu ya nguo ilikuwa tangazo la heshima kabla haijawa pambo.

Lakini kazi ile ilichukuliwa na mitambo ya Uholanzi, Uingereza, Bara Hindi na Japani. Maneno yetu wenyewe yaliagizwa ng'ambo, yakaturudia kwa meli, nasi tukayanunua. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, nalo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo kiwanda chataka mtaji wa Serikali. Kibao chataka kisu kikali na subira, na hivyo viwili havikosekani katika mkutano huu.

NGUO KWANZA

Anayetaka kuanza na aanze kwa kuijua nguo yake. Tafuta pamba tupu. Chomoa uzi mmoja uuchome: uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, uzi wa nailoni huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Kisha fua nguo kwa maji ya moto na sabuni mpaka dondo lote litoke. Ukitaka kujua kama limetoka, dondosha tone la maji juu yake. Likisimama kama lulu, dondo lingali limo, nayo rangi itakaa juu juu tu. Likinyweka mara moja, nguo iko tayari. Ianike, uipige pasi.

KIBAO

Siku ya kwanza usiharibu mbao. Chukua kiazi kikubwa, kikate kati, futa maji yake kwa kitambaa, kisha chonga umbo jepesi: jani, nyota, au mstari wa meno ya msumeno. Kiazi hakifiki siku ya pili, lakini kitaufundisha mkono wako uzito wa kugandamiza.

Ukishazoea, chukua mbao ngumu iliyokauka vizuri, uso wake ukiwa sawa kabisa. Fanya unene wake utoshe kushikwa vyema, au utie mkono kwa nyuma. Chora picha, kisha chonga uondoe kila kisichotakiwa kupata rangi. Chonga kwa kina, kwa maana nguo ni laini, nayo huzama ndani ya mashimo mafupi ikachafuka. Mafundi wa Bara Hindi hutoboa vitundu katika vibao vyenye nafasi pana, ili hewa na rangi iliyozidi ipate kutoka. Nao huviloweka vibao vipya katika mafuta kwa siku nyingi visije vikapinda. Hayo nasi twaweza kuyafuata. Nchi yenye wachonga milango ya nakshi haikosi watu wa patasi.

Mkumbuke jambo moja: kila kitu hugeuka. Mtu akitaka kuchapa neno HAKI, hana budi kulichonga likisomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi H, A na I zikigeuzwa hazibadili sura. Ni K peke yake itakayomwumbua asiyeangalia. Njia nyepesi ni kuandika neno kwa penseli nzito juu ya karatasi, kuilaza kifudifudi juu ya kibao, kisha kuisugua mpaka alama zihamie.

MEZA, RANGI NA MKONO

Tandika blanketi mbili juu ya meza imara, na juu yake shuka kuukuu lililovutwa lisiwe na kunyanzi. Tumia rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo. Rangi ya ukutani hukakamaa ikapasuka, na wino wa kuandikia hutoka kwa maji. Rangi iwe nzito kiasi cha uji wa mgonjwa, imiminwe juu ya sponji ndani ya sinia. Gusisha kibao kwenye sponji mara mbili tatu, usikisugue. Kiweke juu ya nguo, kipige kwa kisigino cha mkono, kisha kinyanyue wima. Akivutaye kwa upande hupata chapa yenye mkia.

Kabla ya pigo la kwanza, fanya hesabu. Tuseme kanga yako ina sentimeta 150 kwa 110, na kibao cha pindo kina sentimeta 10 kila upande. Tengeneza kibao cha pembe peke yake. Pembe ni 4. Upande mrefu utabaki na mapigo 13, upande mfupi mapigo 9. Jumla pindo zima ni mapigo 48. Piga mistari kwa chaki na uzi, kisha anza. Pindo likikaa sawa, mji na jina vitapata mahali pake.

Acha nguo ikauke kabisa, kisha ipige pasi ya moto kwa ndani, bila maji, kwa muda ulioandikwa juu ya kopo la rangi. Moto ndio unaoishikiza rangi.

KARATASI

Kwa karatasi mambo hugeuka kidogo. Meza iwe ngumu, rangi iwe nzito zaidi, nayo ipakwe nyembamba kwa kibingirisho. Laza karatasi juu ya kibao, uisugue kwa mgongo wa kijiko, uifunue polepole. Hivyo hupatikana kadi za harusi, majalada ya madaftari, bahasha na matangazo ya mikutano. Tawi lisilo na fedha za kulipa mpiga chapa laweza kutangaza mkutano wake kwa kibao kimoja.

AMANA YA MNUNUZI

Mwisho, ndugu zetu, tuseme lililo zito. Watakaoanza kazi hii wataanza kwa fedha za mchango, shilingi za watu wasio na shilingi za kuchezea. Kwa hiyo liwekwe daftari: kitambaa kiasi gani, rangi kiasi gani, saa ngapi za kazi. Asiyehesabu saa zake atauza nguo kwa bei ya kitambaa na kujiona ana faida. Na nguo isiuzwe kabla kipande cha mfano hakijafuliwa mara tatu, pamoja na kitambaa cheupe. Mama akinunua kanga yetu ikamwagia rangi sare ya mtoto wake, hatasema kwamba fundi yule ni mwanafunzi. Atasema vitu vya wenzetu havifai, naye atarudi dukani kununua vya ng'ambo. Neno hilo likienea, mitaa miwili haitatosha kulifuta.

Hatuwaambii kwamba kibao kitashindana na mtambo kwa wingi. Hakitaweza. Kitaweza kufanya nguo thelathini zenye neno ambalo mtaa mmoja umelichagua wenyewe, kwa arusi moja au kwa kikundi kimoja, jambo ambalo mtambo haulijali. Hapo ndipo penye soko letu.

Viazi viko katika kikapu pale mlangoni, na visu tumevinoa. Akina mama watangulie, vijana wafuate.