Nati ya Gurudumu Huchaguliwa kwa Rimu: Mada kwa Mafundi na Wauza Spea

Mteja akiingia duka la spea, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, akaomba nati za magurudumu, huulizwa kwanza gari lake ni aina gani. Swali hilo ni la lazima, ila halitoshi. Jina la gari hutujulisha unene wa boliti na uzi wake. Halitujulishi nati itakalia nini, kwa sababu gari lililotoka kiwandani na rimu za chuma huenda leo limefungwa rimu za spoti za kampuni nyingine. Hoja ya mada hii ni kwamba swali la pili, "Rimu gani?", ndilo zito zaidi, na ndilo lisiloulizwa.

Tuanze na kazi yenyewe ya nati, maana wengi huamini kwamba boliti ndizo zinazobeba gari. Nati ikikazwa huivuta boliti, nayo hurefuka kidogo mno na kutaka kurudi ilivyokuwa. Mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye habu. Uzito wa gari, nguvu ya breki na msukumo wa kona hupokewa hasa na msuguano wa nyuso hizo mbili zilizobanana. Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza, na kila mzunguko wa gurudumu huipinda boliti huku na huko hadi chuma kichoke na kukatika. Kwa hiyo nati nzuri ni ile inayobana na kuendelea kubana baada ya gari kutembea.

Kosa la unene au la uzi hujitangaza lenyewe. Toyota ndogo nyingi, Honda na Mazda hutumia boliti za milimita 12 zenye uzi wa 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka jino hadi jino; Nissan nyingi, Subaru na Suzuki ni milimita 12 vilevile, lakini uzi ni 1.25. Nati ya Corolla ikitiwa kwenye boliti ya Nissan huingia mzunguko mmoja au miwili kwa vidole, kisha hukwama. Fundi mwenye subira ataitoa. Mwenye haraka ataongeza bomba kwenye spana, nati itasonga mbele huku ikiutafuna uzi, naye atadhani imekaza. Hata hivyo vidole vyake vilikwishaonywa.

Umbo la sehemu inayokalia rimu halitoi onyo kama hilo. Nati nyingi za rimu za spoti zina kikalio cha umbo la pia, chenye pembe ya digrii 60. Nati za kiwandani za Honda zina kikalio cha mviringo kama kipande cha tufe. Toyota nyingi zenye rimu za aloi za kiwandani hutumia nati yenye washa bapa na shingo inayozama kwenye tundu. Ukitia nati ya pia kwenye tundu la mviringo, itaingia vizuri na spana itagoma kama kawaida, ila chuma kitakuwa kimegusa ukingo mwembamba tu badala ya uso mzima. Ukingo huo, hasa ukiwa wa aloi, hubonyea safarini. Rimu ikibonyea hata sehemu ndogo ya milimita, boliti hupoteza mvuto wake, ingawa hakuna aliyeigusa nati.

Kuna watakaopinga kwamba nati zile zile za washa hufunga gurudumu la akiba la chuma bila madhara. Ni kweli, lakini ukiigeuza nati hiyo utaona chini ya washa sehemu iliyochongwa kwa mshazari. Toyota waliiweka makusudi ili ikalie rimu ya chuma, huku washa ikibaki inacheza. Nati hiyo ina vikalio viwili. Haithibitishi kwamba nati yoyote inafaa rimu yoyote.

Pingamizi la pili ni la nguvu: kama haikai sawa, ikazwe zaidi. Nati za Toyota ndogo nyingi hutakiwa kukazwa kwa nyutonimita 103, yaani kusukuma mwisho wa spana ya nusu mita kwa nguvu ya kilo 21 hivi. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana hiyo amezidisha mara tatu. Boliti hurefuka isirudi, na kikalio kibaya huzidi kubonyea.

Lipo pingamizi la bei, na hilo nalichukulia kwa uzito. Seti mpya ya nati sahihi ni gharama, na tundu moja likikosa nati mwenye gari hutaka kuondoka. Lakini nati iliyotumika, ya umbo sahihi na uzi mzima, ni bora kuliko mpya inayong'aa isiyokalia rimu. Muuzaji hahitaji mashine ili kuitambua: mteja alete nati ya zamani iliyotoka kwenye rimu hiyo hiyo, au avue gurudumu na kuangalia tundu. Kisha nati izungushwe kwa vidole. Kwa uzi wa 1.5 ipatikane mizunguko isiyopungua minane kabla haijakaa. Na rimu za aloi zikikazwa leo, zikaguliwe tena kwa spana baada ya kilomita 100 hivi.