Tari, Santuri na Simu: Jinsi Mashine Inavyougeuza Muziki

Usiku wa maulidi huko Bweni, kaskazini kabisa mwa Kisiwa cha Mafia, simu huinuliwa mara tu matari yanapoanza. Kesho yake, mtu akisikiliza alichorekodi, hukuta kila tari likilia sauti ya msomaji inazama, kisha inapanda taratibu kama mzamiaji anayeibuka. Msomaji hakukosea. Simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo: ikisikia kishindo hushusha sauti yote kwa pamoja, kikipita huipandisha. Tari likiwa karibu mno, hata hilo halisaidii. Vilele vya sauti hukatwa na ngozi ya tari husikika kama debe.

Hakuna chombo kinachopokea muziki wote. Kila kimoja huchagua, na kilichoachwa nje husahaulika.

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa nembo ya His Master's Voice. Alikwenda wakati mzuri. Kabla ya 1925 waimbaji waliimba ndani ya pembe, na nguvu ya sauti yenyewe ndiyo iliyoisukuma sindano. Besi na sauti za juu zilipotea. Maikrofoni ya umeme iliziokoa nyingi, hata zile laini. Lakini upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika 3 hivi, na taarabu ya barazani, iliyoweza kurefuka kadiri wasikilizaji walivyotaka, ilibidi ikatwe. Ufupi unaosikika leo ni ufupi wa santuri. Mkwaruzo nao una asili yake: santuri za wakati huo zilichanganywa na unga wa mawe ili zisiliwe haraka na sindano ya chuma.

Bendi za dansi za Tanzania za miaka ya 1970 zilirekodi sana katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Maikrofoni zilikuwa chache na bendi nzima ilipiga kwa mkupuo, kwa hiyo ulinganifu ulitegemea nani amesimama wapi: tarumbeta nyuma, mwimbaji mbele. Huo ulikuwa ufundi wa hali ya juu, na unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Kisha zikaja kaseti. Kanda yake hutembea sentimita 4.76 tu kwa sekunde, ilhali kanda za studio zilikwenda kwa 19 au 38. Mwendo mdogo una maana ya mvumo mwingi na sauti za juu hafifu. Vijijini palipokosa umeme, betri ndizo zilizokuwa na neno la mwisho. Zilipochoka, watu walizianika juani zipate nguvu kidogo. Mwendo wa kanda ukipungua kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima hushuka nusu toni, na mwimbaji kijana huanza kusikika kama mzee.

Leo tatizo limehamia kwenye spika. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuutoa mtetemo huo. Sikio huukisia kutokana na sauti za juu zinazoandamana nao. Kijana aliyelelewa na simu pekee huenda asijue kabisa kwamba besi ya dansi husikika hadi kifuani.

Video nayo, ikitumwa kwa WhatsApp, hubanwa. Njuga za tari ndizo huumia kwanza, mlio wake ukageuka kuwa kama maji yanayomwagika.

Bweni dawa ni rahisi. Simu iwekwe juu ya kitu kisichotikisika, hatua kadhaa kutoka kwenye matari na karibu zaidi na msomaji, nyuma ya ukuta unaozuia upepo wa kusi. Rekodi ya kwanza, ile ambayo haijatumwa popote, ibaki kwenye kadi ya kumbukumbu pamoja na tarehe na jina la kijiji.