Nambari, Muhuri na Umri wa Silaha Kongwe: Bastola na Bunduki za Uwanda wa Ufipa

Silaha ya moto iliyotengenezwa kiwandani hubeba juu ya chuma chake maandishi ambayo mara nyingi huishi kuliko daftari za ofisi iliyoitoa na kuliko kumbukumbu za mtu aliyeibeba, na kwa sababu hiyo ni hati ya historia inayostahili kusomwa kwa uangalifu uleule unaopewa waraka wa serikali au barua ya mmisionari. Mhadhara huu unahusu usomaji wa maandishi hayo, hasa nambari ya mfululizo, yaani tarakimu ambazo kiwanda hugonga kwenye kila silaha ili kuitofautisha na nyingine za aina yake, na unaichukua Sumbawanga pamoja na uwanda wote wa Ufipa, kuanzia Nkasi hadi mpaka wa Zambia, kuwa mahali pa kuipimia elimu hiyo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nambari peke yake haisemi mwaka. Husema pale tu inaposomwa pamoja na jina la kiwanda, muhuri wa ukaguzi na daftari la mtengenezaji, na hata hapo mwaka unaopatikana ni wa kutengenezwa kwa silaha, wala si wa kufika kwake Ufipa.

Bastola inayozungumziwa zaidi ni revolva, ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka nyuma ya mtutu, na ambayo sehemu zake zote hushikiliwa na kiunzi cha chuma. Kiunzi ndicho kinachohesabiwa kuwa silaha yenyewe, na nambari iliyo juu yake ndiyo nambari kuu, ingawa viwanda vingi viliirudia, nzima au tarakimu zake za mwisho, kwenye mtutu, kwenye silinda na hata kwenye vipande vidogo, ili fundi aliyefungua silaha kadhaa kwenye meza moja asichanganye viungo vilivyosuguliwa vikaendana.

Mfumo rahisi kuliko yote ni ule wa mfululizo mmoja usiokatika. Kampuni ya Colt ya Marekani ilianza kuhesabu revolva yake mashuhuri ya Single Action Army kutoka nambari 1 mwaka 1873, na hesabu hiyo ikaendelea hadi 1940 ilipopita 357,000. Kwa hiyo mtu mwenye jedwali la kiwanda anaweza kuweka nambari yoyote karibu na mwaka wake. Hata hivyo, kiunzi kiliweza kugongwa nambari mwaka mmoja, kikaunganishwa mwaka mwingine na silaha ikatoka ghalani baadaye zaidi, na ndiyo maana watafiti makini hutenganisha mwaka wa nambari na mwaka wa kusafirishwa, ambao hujulikana kutokana na daftari za kampuni tu.

Viwanda vya kijeshi vya Ujerumani vilifuata njia tofauti, ambayo imewapotosha wengi. Katika bunduki ya Mauser ya mwaka 1898, kwa mfano, kila kiwanda kilihesabu hadi kufikia takriban 10,000, kikaanza upya kwa kuongeza herufi a, kisha b, kisha c, na mwaka mpya ulipoingia hesabu yote ilirudi mwanzo. Nambari ndogo katika mfumo huo haina maana ya ukongwe hata kidogo, kwa sababu silaha mbili, au zaidi ya mbili, zinaweza kuwa na nambari moja na herufi moja, zikitofautiana kwa mwaka na kwa kiwanda tu. Anayenakili tarakimu akaacha herufi ndogo iliyo pembeni, au akaacha mwaka uliogongwa juu ya chemba, amenakili kitu kisichoweza kumfikisha popote.

Waingereza nao mara nyingi waliandika mwaka waziwazi. Revolva ya Webley Mark VI, iliyopokelewa rasmi na jeshi la Uingereza Mei 1915, ina jina la modeli na mwaka ubavuni mwa kiunzi. Kazi ya kuitengeneza ilihamia katika kiwanda cha serikali cha Enfield kuanzia 1921 hadi 1926, na hapo ndipo manufaa ya kusoma muhuri huonekana: Mark VI yenye alama ya Enfield haikuweza kuwamo katika vita vya 1914 hadi 1918, hata kama familia au ofisi inayoihifadhi inaamini hivyo kwa moyo mweupe. Ushahidi wa chuma una nguvu kubwa zaidi katika kukanusha kuliko katika kuthibitisha, na mtafiti mwaminifu huanza kwa kuuliza ni miaka ipi haiwezekani kabla ya kuuliza ni mwaka upi.

Pale ambapo mwaka haukuandikwa, muhuri wa nyumba ya majaribio husaidia. Nyumba hiyo ni ofisi ambayo kisheria hupiga kila mtutu kwa baruti nyingi kupita kiasi cha kawaida, kisha hugonga alama kwenye ule uliohimili. Ile ya Liège, Ubelgiji, hutumia herufi ELG ndani ya duara la yai. Taji liliongezwa juu yake mwaka 1893, na kuanzia 1922 ikaongezwa herufi inayowakilisha mwaka. Revolva ya Liège isiyo na taji hilo kwa kawaida ni ya kabla ya 1893. Alama za Liège zinastahili kujulikana vizuri katika mikoa ya Rukwa na Katavi, kwa kuwa Wabelgiji walikuwa na kituo Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, tangu 1879 hadi kilipokabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na mji wa Liège uliuza silaha za bei nafuu Afrika kwa wingi.

Wingi huo ndio unaoileta Ufipa katika historia pana ya biashara. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza Zanzibar alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia kisiwani humo kila mwaka, nyingi zikielekea bara kwa njia za misafara. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, eneo linaloijumuisha Ufipa yote, isipokuwa kwa watu wenye kibali, na kibali hicho kilipaswa kutaja jina la mwenye silaha na alama iliyogongwa juu yake. Bunduki za gumegume, yaani zile zinazowashwa kwa cheche za jiwe, ziliachwa nje ya katazo hilo. Hivyo sheria yenyewe iliziweka silaha katika makundi mawili: zilizoandikishwa kwa alama, na zile ambazo hakuna aliyezihesabu.

Gobori ni la kundi la pili. Bunduki hiyo, inayoshindiliwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu, aghalabu haina nambari, na ile iliyotengenezwa na fundi wa kienyeji haina hata jina. Ufipa ni nchi ya wafua chuma, ambayo matanuru yake marefu ya udongo, malungu, yaliyeyusha mawe ya chuma kwa upepo wa kujivuta bila mivukuto, na bado mabaki yake yamesimama vijijini. Katika nchi ya namna hiyo mtutu wa ng'ambo, kitako cha mti wa huku na kifyatulio kilichofuliwa upya vinaweza kukutana katika silaha moja yenye umri wa aina tatu. Kuipa silaha hiyo mwaka mmoja ni kuionea. Kinachofaa ni kutaja umri wa kila sehemu na sababu ya kuukadiria.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi umbali uliopo kati ya kuzaliwa kwa silaha na safari yake. Mwaka 1914 askari wengi wa Kijerumani katika Afrika Mashariki bado walibeba Mauser ya 1871, yenye maandishi I.G.Mod.71 ubavuni, bunduki ya risasi moja moja ambayo moshi wa baruti yake ulimfichua mpigaji. Kituo chao cha Bismarckburg, ambacho leo ni Kasanga, kilitekwa na Waingereza Juni 1916. Bunduki ya 1871 iliyookotwa pale inaweza kuwa na mwaka wa miaka ya 1870 au 1880 na bado ikawa ushahidi halali wa mapigano ya 1916.

Tarehe 25 Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki, alisalimisha kikosi chake Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, ng'ambo kidogo ya mpaka wa kusini wa Ufipa. Zilikabidhiwa bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno, mzinga mmoja wa Kireno, na bombomu 37, yaani bunduki za rashasha, ambazo 7 tu zilikuwa za Kijerumani. Mwaka mmoja kamili kabla ya siku hiyo, kikosi hichohicho kilikuwa kimeiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, kwenye makutano ya Ruvuma na Lugenda. Bunduki ya kawaida ya jeshi la Ureno wakati huo ilikuwa Mauser-Vergueiro, iliyoagizwa kutoka kiwanda cha DWM cha Berlin na kugongwa nembo ya Mfalme Carlos wa Kwanza. Silaha iliyotengenezwa na Wajerumani kwa ajili ya Wareno, ikatekwa na askari wa Kijerumani, ikaishia mikononi mwa Waingereza, haiwezi kueleweka kwa nambari yake tu, wala kwa nembo yake tu. Nambari huonyesha mwanzo, na njia iliyobaki hutafutwa katika orodha za mateka, hati za makabidhiano na masimulizi ya wazee.

Nambari zisizolingana zina habari yake pia. Revolva yenye kiunzi cha nambari moja na silinda ya nambari nyingine, sawa na gari lililowekewa injini ya gari jingine, hupungua thamani machoni pa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, lakini kwa mwanahistoria tofauti hiyo ni alama ya karakana: mahali fulani vipuri vilikwisha, na fundi akaunganisha silaha mbili mbovu kupata moja nzima. Jeshi lililokatiwa njia ya bahari, kama lile la Lettow-Vorbeck, haliwezi kutarajiwa kuacha nyuma silaha zenye nambari safi.

Haya yote yanahusu jambo linaloendelea sasa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, na katika miaka ya karibuni serikali imetoa vipindi vya msamaha ambamo wananchi husalimisha magobori na bastola bila kushtakiwa, kisha silaha hizo huteketezwa. Uteketezaji huo ni wa haki, kwa sababu silaha haramu zimeua watu na wanyamapori, na hakuna hoja ya kitaaluma inayoweza kumtetea anayezificha ndani. Lakini kati ya kupokelewa na kuteketezwa upo muda unaotosha kuiandika kila silaha. Ofisa mmoja akiwa na kamera, karatasi nyepesi na penseli anaweza kupata nakala ya kila muhuri kwa kuweka karatasi juu yake na kusugua taratibu, bila kugusa kutu kwa msasa, kwa kuwa msasa huondoa kwanza mistari myembamba ya herufi ndogo na mataji, ambayo ndiyo yenye mwaka. Kumbukumbu hiyo ionyeshe nambari ya kiunzi, ya mtutu na ya silinda kila moja peke yake, herufi iliyo pembeni ya tarakimu, upande ambao kila alama imegongwa, kijiji silaha ilikotoka, na maneno ya aliyeileta kuhusu nani aliyekuwa nayo kabla yake, yaandikwe kama alivyoyasema, hata pale yanapopingana na chuma.