Wingi wa Manunuzi Si Ushahidi wa Hatia



Muuza duka ni mlinzi asiyelipwa mshahara wa ulinzi. Mbele ya kaunta yake hupita sukari, petroli, nyavu na dawa za mimea, na kwa kuwa anaona kila mtu anabeba nini, hawezi kukosa kujiuliza: huyu anavipeleka wapi vitu vyote hivi? Swali hilo si baya. Ubaya huanza pale jibu linapotangulia swali, na mnunuzi akahesabiwa kuwa mhalifu kwa uzito wa gunia lake.

Taifa hili limekwisha kupita katika njia hiyo. Mwezi Machi 1983, bidhaa zilipokuwa adimu madukani, Serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, akiongoza Waziri Mkuu, Ndugu Edward Moringe Sokoine. Sababu za vita hiyo zilikuwa za kweli. Wako walanguzi waliokuwa wakificha mali huku wananchi wakipanga foleni kwa mche mmoja wa sabuni. Hata hivyo, sheria iliyotungwa mwaka huo iliunda baraza maalum la kusikiliza kesi hizo, na mshtakiwa hakuruhusiwa wakili wala kukata rufaa mahakamani. Hofu ilienea. Watu walitupa bidhaa usiku wa manane, na miongoni mwao walikuwamo wasio na kosa ila walioogopa kuulizwa. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa na nyingine ikatungwa, kesi za uhujumu zikawekwa chini ya Mahakama Kuu. Mwaka huohuo haki za msingi za raia ziliingizwa katika Katiba ya nchi, na Ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitika.

Fundisho la miaka ile ni kwamba bidhaa haina ulimi. Sukari ya mlanguzi na sukari ya arusi hufungwa katika gunia la namna moja. Kinachozitenganisha ni kazi ya mwenye kununua, na kazi hiyo haionekani kwa kukodoa macho kwenye kaunta.

Utazamwe sasa mwambao wa Mtwara, kuanzia Ziwani hadi Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma. Mkulima wa korosho anabeba mifuko ya salfa ya unga. Asiyejua kilimo atakumbuka kwamba salfa ni mojawapo ya vitu vinavyotiwa katika baruti, naye atashtuka. Anayejua atakumbuka ubwiriunga, ule ugonjwa unaoshambulia maua na machipukizi ya mkorosho. Mti mmoja huweza kupuliziwa robo kilo kwa mzunguko. Mwenye mikorosho mia moja humaliza basi kilo 25 kwa mzunguko mmoja, na mizunguko katika msimu ni mingi. Mifuko mitano iliyomtisha karani mgeni ni shamba la kawaida la mtu mmoja mwenye watoto wa kusomesha.

Ndivyo ilivyo kwa mvuvi. Chombo chenye mashine hakipandi barabarani kwenda kituo cha mafuta, kwa hiyo ni lazima petroli ishuke pwani kwa madumu. Ndivyo ilivyo pia kwa mama anayenunua mchele wa kilo mia na doti kadhaa za khanga siku moja: mwanawe anatoka unyagoni, au nyumbani kuna hitima. Na malipo ya korosho yakitoka, mtu aliyevaa kandambili huweza kuingia dukani na kitita cha noti halali, matunda ya jasho la mwaka mzima.

Pamoja na hayo, isidhaniwe kwamba tahadhari haina mahali pake. Mwambao huohuo umeteseka kwa uvuvi wa baruti, unaoua samaki wakubwa na vifaranga pamoja na kuvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba yao. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 kulinda mali hiyo. Aidha, mwezi Oktoba 2020 wauaji waliotokea upande wa Msumbiji walishambulia kijiji cha Kitaya, wakaua wananchi na kuchoma nyumba. Baada ya msiba kama huo, ni nani atakayemlaumu muuza duka kwa kuwa macho?

Lakini kuwa macho ni kazi yenye utaratibu wake. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, kuanzia mwaka 1964, mpaka huu ulilindwa na wananchi waliojuana. Palipokuwa na mgeni, balozi wa nyumba kumi alimwuliza anatoka wapi na amefikia kwa nani. Muuza duka naye aulize kwa heshima: shamba liko wapi, chombo ni cha nani, shughuli ni lini? Jibu likikubaliana na msimu na kazi, biashara iendelee. Lisipokubaliana, kwa mfano asiye na shamba akataka mbolea nyingi na kuhimiza ifichwe, wapo afisa mtendaji na afisa ugani wa kuulizwa, na ipo polisi. Kelele za dukani hazimkamati mhalifu. Humwaibisha mnyonge, na mhalifu akisikia huenda kununua kwingine.

Tena shaka hizi zina upendeleo. Mwenye gari na viatu vinavyong'aa hubebewa mizigo hadi mlangoni, wala haulizwi. Aliyekuja kwa miguu, au ambaye Kimakonde chake kina lafudhi ya ng'ambo ya Ruvuma, ndiye anayekaguliwa. Walanguzi wa mwaka 1983 hawakuwa wabeba vikapu, na baruti za pwani hazikufika kwa mvuvi mdogo bila mfanyabiashara aliyemuuzia.

Hapa ndipo penye wajibu wa mtumishi wa umma na mwalimu. Afisa anayepangiwa kazi Mtwara akitokea mbali ajifunze kwanza kalenda ya mahali: lini mikorosho hupuliziwa, lini vijana hutoka jandoni, lini upepo huruhusu vyombo kwenda baharini. Mwalimu wa hesabu awape wanafunzi swali la mikorosho mia na mifuko ya salfa, ili kesho akiwamo miongoni mwao atakayekaa nyuma ya kaunta, ajue kupiga hesabu kabla ya kutuhumu.

Ulinzi wa nchi unahitaji macho ya kila raia, na raia hatatoa habari kwa yule aliyemwita mwizi juzi mbele ya watu. Muuza duka anayewajua wateja wake kwa kazi zao ndiye atakayemtambua adui siku atakapoingia.