Kedi na Bingwa: Wanapitana kwa Kiasi Gani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu)

Bwana Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee niliowakuta hapa na wale walionikuta, na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma karibu na mlango:

Katibu aliponiandikia barua aliniachia nichague jambo la kuzungumza mwenyewe. Nimechagua gofu, na nawaona baadhi ya wenzangu wa makamo wakinong'onezana kwamba huo ni mchezo wa matajiri. Kwetu hapa sivyo. Kiwanja kipo ng'ambo ya barabara tangu zamani zetu, na tangu zamani hizo vijana wa shule hii huvuka Jumamosi na siku za likizo kwenda kubeba mifuko ya wachezaji, wapate fedha za daftari na sabuni. Hao ndio makedi. Sasa Mwalimu Mkuu ameniambia kwamba wapo wawili watatu wa Kidato cha Tatu wanaotaka kuacha masomo wakawe wachezaji wa kulipwa. Hoja yao ni kwamba wamekwisha kuwashinda wanachama wa klabu, tena kwa fimbo za kuazima. Sikuja kuwacheka. Swali lao ni la haki: kedi hodari na mchezaji wa kulipwa wanapitana kwa kiasi gani?

Nianze na jicho. Hapo nasema bila kusita kwamba kedi mzuri hana deni kwa bingwa. Kanuni za gofu zinamkataza mchezaji anayecheza peke yake kuomba shauri la mchezo kwa mtu yeyote ila kedi wake, na wakubwa wa mchezo huu hulitafuta shauri hilo kweli kweli. Mwaka 1995 huko Augusta, Marekani, Ben Crenshaw alikuwa na umri wa miaka 43 na mchezo wake ulikuwa umemharibikia. Kedi wake, Carl Jackson, aliyeanza kubeba mifuko katika kiwanja hicho angali kijana, alimtazama akipiga mipira ya mazoezi, akamwambia arudishe mpira nyuma kidogo anaposimama na azungushe mabega kwa kubana zaidi. Crenshaw akashinda Masters wiki hiyo hiyo. Basi kedi alimsahihisha bingwa namna ya kupiga! Kwa hiyo mtu akikuambia kedi ni punda wa mizigo tu, mwache na ujinga wake.

Lakini mshindi huhesabiwa kwa mikwaju, na mikwaju hupigwa kwa mkono. Hapa, vijana, naomba tufanye hesabu.

Tuseme wewe ni kedi hodari sana, na handikapu yako ni sifuri. Katika klabu nyingi wa namna hiyo huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mabingwa wa ngazi ya juu, wakipimwa kwa kipimo hicho hicho, huwa chini ya sifuri kwa mikwaju 4, 5, au hata 6. Yaani kiwanja hakiwapi kitu. Wao ndio wangekilipa. Mikwaju 5 kwa siku yaonekana michache. Mashindano makubwa huchezwa siku 4, mashimo 72, kwa hiyo tofauti yafika mikwaju 20, na baada ya siku 2 za kwanza walio nyuma huondolewa na kwa kawaida hurudi nyumbani bila hata senti ya nauli. Tena handikapu ya siku hizi hutengenezwa kwa alama zako 8 bora kati ya 20 za mwisho. Inahesabu siku zako njema. Bingwa huishi kwa zile siku zake mbaya, ambazo kwake si mbaya sana.

Wala msidhani tofauti hiyo imo katika kupiga mbali. Nimewaona makedi wanaopiga mpira mbali hata ukashangaa. Wala mabingwa hawaingizi kila mpira: kutoka futi 8, wale wa Marekani huingiza takriban mara moja katika kila mbili. Tofauti ni kwamba kosa la bingwa ni dogo. Kedi akikosea, mpira unaingia kichakani. Bingwa akikosea, unaangukia ukingoni mwa griini, na bado anaweza kumaliza kwa mikwaju miwili.

Umbali huo huzibwa kwa nini? Nitawapa mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1927, katika klabu ya Glen Garden mjini Fort Worth, Texas, makedi walifanyiwa mashindano yao ya Krismasi. Wavulana wawili wa miaka 15 walilingana, wakarudiana, na mmoja akamshinda mwenzake kwa mkwaju mmoja tu. Mshindi aliitwa Byron Nelson, na aliyeshindwa Ben Hogan. Nelson ndiye aliyekuja kushinda mashindano 18 katika mwaka mmoja, 1945, na 11 kati ya hayo mfululizo. Hogan alipata mataji makubwa 9. Basi wale vijana wawili walikuwa makedi bora kupita wote mtakaowaona nyinyi. Na hata hivyo Hogan aliingia uchezaji wa kulipwa mwaka 1930, akaishiwa fedha zaidi ya mara moja, akarudi, akapiga mipira ya mazoezi asubuhi hadi jioni, na hakushinda mashindano peke yake mpaka 1940. Miaka 10! Huyo alikuwa Hogan.

Mfano wa pili utawagusa zaidi, kwa kuwa mhusika alifika kwetu. Seve Ballesteros alishinda Kenya Open pale Muthaiga mwaka 1978, na mwaka uliofuata akashinda Open ya Uingereza. Alikuwa kedi huko Pedreña, Uhispania, na utotoni alijifunza kwa fimbo moja ya chuma, namba 3, akipiga mpira kwenye mchanga wa pwani. Vijana hupenda kuisikia hadithi hiyo ya fimbo moja. Hawapendi kuisikia nusu yake ya pili: kaka zake walikuwa wachezaji wa kulipwa, na mjomba wake, Ramón Sota, alimaliza wa 6 katika Masters ya 1965. Mwalimu alikuwa nyumbani, mezani.

Na wako waliokuwa na mkono na jicho, wakanyimwa mlango. Papwa Sewgolum wa Durban alikuwa kedi mwenye asili ya Kihindi, aliyeshika fimbo kinyume, mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Alishinda Open ya Uholanzi mara 3: 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda Natal Open nchini mwake, akakabidhiwa kikombe nje, mvua ikinyesha, kwa sababu ubaguzi wa rangi haukumruhusu kuingia ndani ya jengo la klabu. Mwaka 1965 akashinda tena, akimpita Gary Player mwenyewe. Baada ya hapo serikali ya makaburu ikamfungia mashindano. Alifariki mwaka 1978. Ukitaka kumpima Papwa kwa fedha alizopata utapima kitu kingine kabisa, siyo uchezaji.

Siku hizi mambo yamegeuka kidogo. Makedi wengi wa mabingwa ni wachezaji waliojaribu wakakwama mahali fulani. Damon Green, aliyembebea mfuko Zach Johnson, alishiriki U.S. Senior Open ya 2011 akamaliza miongoni mwa 20 wa kwanza. Mtu anayeweza hivyo alikuwa akilipwa kubeba mfuko wa mwingine! Fikirini, basi, huyo mwenye mfuko ni mtu wa namna gani.

Sasa nyinyi wawili watatu, sitaki majina yenu. Likizo ijayo nitazungumza na klabu mbili, hii ya hapa na nyingine msiyoijua hata njia yake. Mtacheza siku 4 mfululizo, siku 2 kila mahali, kutoka alama za nyuma kabisa. Kila mkwaju utaandikwa, na hata mpira ulio inchi 6 kutoka shimoni utapigwa mpaka uingie. Kadi zenu nitazitia sahihi mwenyewe, na tutaziweka mezani mbele ya Mwalimu Mkuu na wazazi wenu kando ya ripoti ya muhula, tuzisome zote mbili. Nauli na chakula ni juu yangu. Fimbo nitaazima, ila mipira mje nayo, maana najua mnayo mingi, na sitauliza mliiokota wapi.